Mguu wa Kulia au wa Kushoto

Kila shule zinapofungwa, kabla watoto wangu hawajazoea kulala mpaka jua kali, mimi huwaita sebuleni mmoja mmoja na kuwakalisha kwenye stuli karibu na dirisha. Nawapiga picha ya uso, halafu ya upande huu na upande ule, kisha nawasimamisha ukutani niwapime urefu. Nawaambia wafungue midomo niangalie meno. Kovu lolote jipya naliandika, liko wapi na lilitokana na nini. Mwisho nawapaka wino wa muhuri vidoleni na kuvigandamiza vidole kwenye karatasi nyeupe, kimoja baada ya kingine. Karatasi na picha zinaingia kwenye bahasha ya kaki, kila mtoto na yake, na bahasha zinakaa juu ya kabati pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Watoto hawapendi. Kifungua mimba wangu, ambaye siku hizi ana vijindevu anavyovitunza kama miche ya sukuma wiki, huniambia, "Mathe, kwani sisi ni wezi? Hata karao kule kituoni hawapigi watu picha hivi." Dada yake hulalamika kwamba wino hautoki na atachekwa kanisani. Mume wangu hujifanya anasoma simu. Nawaacha waseme yote wanayotaka kusema, lakini stuli lazima mtu aikalie. Nimewaambia wazi kwamba katika nyumba hii unaweza kukataa mboga, unaweza kukataa hata kwenda kanisani ukiwa na sababu, lakini habari ya stuli hatujadiliani.

Hawaniulizi sababu. Wanaijua.

Nina kiduka cha fotokopi na picha za pasipoti huku Kayole, Nairobi, karibu na Spine Road. Kina mashine moja yenye kiburi, ambayo haifanyi kazi mpaka uipige kofi ubavuni, kompyuta iliyozeeka, na shuka jeupe nililolitundika ukutani ili watu wapigiwe picha mbele yake. Wateja wangu ni watu wa picha za kitambulisho, programu za mazishi na barua za kuomba kazi. Na kuna wengine, si kila wiki lakini huja, ambao wanataka tangazo la mtoto aliyepotea.

Hao mimi huwajua kabla hawajafungua mdomo. Mama mtu husimama mlangoni amejifunga leso juu ya nguo alizolala nazo, simu mkononi, na jirani aliyemsindikiza ndiye anayeongea. Nikiomba picha ya mtoto, naonyeshwa ile ile. Mtoto amevaa joho la bluu linaloburura chini, kofia ya mraba imemfunika nyusi, usoni kapakwa poda, na mkononi ameshika karatasi iliyoviringishwa ikafungwa utepe. Ni picha ya siku ya kumaliza nasari, yaani chekechea. Mitaa yetu hii ya Eastlands imejaa nasari, kila nasari ina mahafali yake, na kila mzazi, hata yule asiye na picha nyingine ya mwanawe, hiyo anayo. Ukipita kwenye stendi za magari ukasoma makaratasi yaliyobandikwa kwenye nguzo, utadhani watoto wetu huvalishwa majoho siku ile ile wanayopotea.

Zamani jambo hilo lilikuwa likinichekesha. Nasema ukweli, nilikuwa nikimwambia dadangu mdogo, naye anacheka.

Dadangu huyo tunaishi naye ploti moja ya nyumba za kupanga, mimi ghorofa ya juu, yeye ghorofa ya chini yangu. Mimi ndiye niliyemleta Nairobi kutoka kwetu magharibi alipomaliza shule, na hapa akajifunza biashara ya mitumba ya watoto katika soko la Gikomba. Akawa hodari kweli. Belo, lile robota la nguo, ikifunguliwa, wakati wengine bado wanavutana, yeye mikono yake imeshaingia ndani na kutoka na kamera, maana pale Gikomba nguo safi kuliko zote ndani ya belo huitwa kamera. Alikuwa akishika kitambaa akiwa amefumba macho anakuambia ni pamba au si pamba. Watu wa kazi ile huwa na ugonjwa mmoja: wakikutana na mtu wanaona nguo kwanza, sura baadaye. Dadangu akisimulia kisa cha mtu aliyemwona sokoni, anaanzia kwenye kola.

Alikuwa na mtoto mmoja, mvulana, na hakuwa na mume wa kumsaidia kumlea. Alipokuwa akitoka alfajiri kwenda Gikomba, mtoto alikuwa akipanda kwangu na blanketi lake, anajisukuma katikati ya wanangu na kuendelea kulala. Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi, na alikuwa akiniita mama kama anavyomwita mama yake, maana kwetu mama mkubwa ni mama tu. Alikuwa mtoto wa kelele, mbishi, asiyekubali kuvaa viatu. Nilimpenda sana, na wakati mwingine nilimpenda kuliko wangu kwa sababu sikuwa na wajibu wa kumpeleka shule.

Alipotea Jumamosi moja ya likizo. Alikuwa na umri wa miaka mitano.

Siku hiyo mimi nilikuwa dukani na dadangu alikuwa Gikomba. Watoto walikuwa wakicheza chini uani, kama kawaida ya ploti yetu, ambapo kila mtu huwaangalia na kwa hivyo hakuna anayewaangalia. Mfereji wa maji wa ploti ulikuwa umekauka wiki nzima. Mchana lori la maji likaja, lango likafunguliwa wazi, wanawake wakashuka na mitungi, kukawa na kusukumana na matusi. Lori lilipoondoka na lango kufungwa, watoto wote walikuwa uani isipokuwa yeye. Walidhani amepanda juu. Walio juu walidhani yuko chini. Msichana wangu ndiye aliyekuja mbio dukani kuniambia hawamwoni, na hata mimi kwanza nilimgombeza kwamba hawajatafuta vizuri.

Tulitafuta mpaka dadangu akafika kutoka sokoni. Tukaenda kituo cha polisi sisi wawili. Afisa aliyekuwa kwenye dawati hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Akafungua kitabu chake, akauliza, "Mtoto anakaa aje?"

Dadangu akamwambia. "Amevaa sweta nyekundu. Ya sufu, nzito, si hizi za kuchanika. Iko na vifungo vya mbao, cha juu si cha mbao, nilikibadilisha mwenyewe nikaweka cha kahawia. Kwa mfuko kuna mbwa ameshonwa na uzi mweupe. Afande, hiyo ni kamera. Hakuna ingine kama hiyo hii Nairobi yote."

"Mama, hiyo ni sweta," afisa akasema. "Mimi nimekuuliza mtoto."

Dadangu akaanza upya. Nilimwona akijaribu. Akasema ni mweusi wa kiasi, si mrefu sana, si mfupi sana, na kila alichosema kilikuwa kweli kwa nusu ya watoto wa Kayole. Afisa akauliza urefu. Hatukuujua. Akauliza uzito, na hatukuujua tangu alipoacha kwenda kliniki. Akauliza kama ana alama yoyote mwilini.

"Iko," dadangu akasema kwa haraka, kama mtu aliyepata pa kushika. "Kovu ya chai. Kwa mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kulia," akasema yeye. "Wa kushoto," nikasema mimi, na tulisema kwa pamoja.

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimemwogesha mtoto yule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilifumba macho nikamwona amesimama ndani ya karai, ananielekea, povu kichwani, na kovu lipo pale juu ya goti, lina umbo la jani. Nililiona vizuri kabisa. Lakini mtoto akikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, na nilipoanza kumgeuza kichwani nikapotea, nikamrudisha, nikapotea tena. Dadangu alikuwa amesimama akijigusa mapaja yake mwenyewe, huu, halafu huu, midomo ikimchezacheza. Afisa alingoja. Mwishowe akaandika "kovu mguuni," akatupa nambari ya ripoti, akatuambia tulete picha.

Picha ilikuwa ile ya joho.

Nilichapisha tangazo mimi mwenyewe kwenye mashine yangu. Nilitafuta picha nyingine kwenye simu zetu zote, na kwenye zote yuko nyuma ya mtu, au anakimbia, au amewekewa masikio ya sungura na watoto waliokuwa wakichezea simu. Kwa hiyo nikaweka ya joho, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: AMEVAA SWETA NYEKUNDU. Nikaeleza mbwa na vifungo, kama dadangu alivyoniambia. Tangazo likaenda kwenye makundi yote ya WhatsApp, ya kanisa, ya chama chetu cha akiba, ya wazazi wa shule, ya watu wa kwetu wanaoishi Nairobi. Vijana wa bodaboda wakalibandika kuanzia Komarock mpaka Soweto yetu ya hapa Kayole. Wafanyabiashara wenzake dadangu wakalipeleka Gikomba, likafika Pumwani na Majengo, na mwadhini mmoja kule alilitangaza kwenye kipaza sauti ingawa sisi si watu wake. Watu walitusaidia. Siwezi kuwasema vibaya.

Simu zilianza kuingia. Sweta nyekundu imeonekana pale, sweta nyekundu imeonekana huku. Tulikimbia kila tulipoitwa. Sikuwa najua kwamba Nairobi ina watoto wengi namna ile wenye sweta nyekundu. Mmoja tulimkuta amezuiwa na akina mama sokoni, analia, na mama yake mzazi amezingirwa akiambiwa athibitishe kwamba ni wake. Dadangu alimtazama mtoto yule mara moja, akasema, "Hiyo ni akriliki, si sufu," akageuka akaondoka.

Wiki ikaisha. Alasiri moja tulikuwa nyumbani kwa dadangu, tumekaa tu, tumechoka hata kulia, jirani wa nyumba ya chini akabisha. Alikuwa ameondoka siku ile ile ya lori la maji, kabla hatujaanza kutafuta, kwenda mazishini kwao, na alikuwa amerudi asubuhi. Alikuwa amesikia habari huko huko kwa mdomo tu, tangazo hakuliona kwa kuwa simu yake si ya WhatsApp, na alipiga simu mara nyingi kutupa pole. Sasa alikuja mwenyewe. Alimkumbatia dadangu wakalia pamoja. Alipokaa, akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Nisamehe nimekaa nayo," akasema. "Niliipata kwa ngazi, watoto walikuwa wameitupa juu ya joto. Na wangu alikuwa anakohoa, na basi la usiku lina baridi, nikasema nitarudisha."

Mbwa mweupe alikuwa anatutazama kutoka mfukoni.

Lazima nieleze kwamba hakufanya kosa lolote. Kwenye ploti yetu nguo za watoto hazina mwenyewe. Zinaanikwa pamoja juu ya paa, zinaanguka pamoja, anayepanda juu kuanua anaanua za wote. Mtoto akilowa anavalishwa ya aliye karibu. Ukichukua, unaifua kabla ya kurudisha, na hiyo ndiyo heshima. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa na suruali za mtoto wa mtu mwezi mzima. Hakuna aliyemuuliza jirani kuhusu sweta kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna la kuuliza. Dadangu alimvalisha mtoto sweta ile asubuhi kwa mikono yake, na kwake yeye mtoto alibaki ndani ya sweta hiyo mchana kutwa.

Jirani alipoona nyuso zetu akaelewa. Alianza kupiga kelele ambazo sitaki kuzikumbuka. Dadangu hakupiga kelele. Aliichukua sweta, akaipindua ndani nje akatazama mishono, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Sasa ndani alikuwa amevaa nini?"

Watoto, tulipowauliza kwa mara ya kwanza, walikumbuka. Fulana ya njano, iliyotoboka begani. Nikarudi dukani nikachapisha tangazo jipya siku hiyo hiyo, na vijana wakazunguka tena kubandika juu ya yale ya kwanza.

Kesho yake akaja dukani kwangu mama mmoja anayeuza mboga karibu na stendi. Alikuwa ameling'oa tangazo jipya kwenye nguzo na kulishika mkononi. Akaniambia alimwona. Ile Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mtoto wa fulana ya njano, miguu mitupu, alisimama karibu na meza yake akilia. Alimpa ndizi. Alimuuliza nyumbani ni wapi, naye akaonyesha kwa mkono, huku na huku. Akiwa bado anamhoji, mwanamke aliyevaa vizuri akaja akamshika mtoto mkono, akasema anamjua, anampeleka kwao. Mtoto akaenda naye. Aliacha kulia, hata.

"Na tangazo la kwanza hukuliona?" nikamuuliza.

"Niliona. Liko hapo tu mbele ya meza yangu, nililisoma kesho yake. Nikasema huyu wa joho si yule. Wangu hakuwa na sweta."

Hapo nilimfokea. Nina hasira za karibu, kila mtu ananijua, na siku hiyo zote zilitoka. Nilimuuliza kama ni sweta iliyopotea ama ni mtoto. Nilimuuliza kama ana macho ya kutazamia nyanya peke yake. Watu walisimama mlangoni wakitazama. Mama yule alinisubiri nimalize, machozi yanamtoka, kisha akasema polepole, "Lakini nyinyi ndio mliandika sweta."

Nikafunga duka tukaenda naye polisi.

Mwanamke yule aliyevaa vizuri hakupatikana. Polisi waliandika maelezo ya mama mboga, wakazungumza na watu wa stendi, na baadaye afisa mwingine akachukua kazi, na baada yake mwingine, na kila mmoja alitaka tuanze kusimulia upya. Dadangu alirudi Gikomba, kwa kuwa mtu lazima ale, lakini aliacha nguo za watoto. Siku hizi anauza mapazia. Ilipofika mwaka mpya mama yetu alipiga simu kutoka nyumbani akauliza kwa woga kama amtaje mtoto kwenye sala pamoja na walio hai au pamoja na waliotangulia. Dadangu akamkatia simu, kisha akampigia tena kumwambia, "Pamoja na walio hai, Mama."

Mimi hapo ndipo nilipoanza mambo ya stuli na wino. Mume wangu alidhani yataisha.

Miaka kadhaa baadaye, mama mmoja wa kanisani kwetu alienda na kikundi chao kupeleka unga na sabuni kwenye makao ya watoto nje ya jiji. Alirudi akaja kwa dadangu kabla hata hajafika kwake. Kule kuna mvulana wa kama miaka tisa, akasema, aliletwa akiwa mdogo kutoka makao mengine yaliyofungwa, na karatasi zake zilipotea huko. Hajui alikotoka. Na mguuni ana kovu.

Tulienda Jumapili iliyofuata. Walimleta kwenye chumba cha wageni, mvulana mwembamba, masikio makubwa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimtazama nikimtafuta mtoto wetu ndani yake. Kuna wakati nilimwona na kuna wakati hakuwapo. Miaka minne ni mingi kwa uso wa mtoto. Dadangu aliomba ruhusa, na mvulana mwenyewe akakunja suruali bila kusita, kama mtu aliyeambiwa mapema kitakachotazamwa. Kovu lilikuwa juu ya goti. Mguu wa kulia.

Dadangu akapiga magoti sakafuni akaukumbatia mguu ule.

Mimi moyoni nilisema, kushoto. Lilikuwa la kushoto. Lakini nilikuwa na uhakika gani? Kama ningekuwa na karatasi moja tu, hata kipande cha daftari, kilichoandikwa na mtu aliyekuwa anamtazama mtoto wakati anaandika, ningekitoa mkobani tukajua pale pale. Nilichokuwa nacho ni karai na povu, na picha inayogeuka kila nikiishika. Niliona nikisema neno nitakuwa nimemuua dadangu mbele ya wageni.

Mlezi mkuu wa makao alikuwa mama wa makamo, mpole lakini wa sheria. "Mama, hatuwezi kumpeana kwa sababu ya kovu," akamwambia dadangu. "Lazima tupime DNA, na afisa wa watoto aidhinishe." Wakapanguswa mate ndani ya mashavu kwa pamba, yeye na mvulana, na tukaambiwa tungoje.

Tulingoja miezi. Katika miezi hiyo dadangu alienda kule kila Jumapili, na mara nyingi nilimsindikiza. Alinenepa kidogo. Alianza kusuka nywele tena. Nilikuwa nimemtengenezea albamu ndogo, nimezikusanya picha kutoka simu za jamaa wote, harusi, krismasi, popote mtoto wetu alipojitokeza hata kwa pembeni, nikazikuza na kuzisafisha. Aliibeba albamu ile akakaa na mvulana kwenye benchi wakaifunua pamoja. Huyu ni nyanya. Hii ni nyumba ya nyanya. Huyu ng'ombe alitaka kukupiga teke.

Mvulana alijifunza haraka. Baada ya muda ndiye aliyekuwa akimweleza dadangu picha. Siku moja aliweka kidole juu ya mtoto aliyekuwa amekunja uso nyuma ya bibi harusi akauliza, "Hapa nilikuwa nalia nini?"

"Ulikuwa unataka soda," dadangu akamjibu.

Tulipotoka langoni nilimwambia, "Unamfundisha. Unamfundisha kuwa mtoto ambaye pengine si yeye."

Alinigeukia kwa ghadhabu ambayo sijawahi kuiona kwake. "Wewe nyamaza. Wewe wako wote wako juu ya stuli."

Tulirudi Kayole. Sikumlaumu. Nilikuwa nikiogopa, na hofu yangu huwa inatoka ikiwa na sura ya kugombeza.

Majibu yalikuja kwa afisa wa watoto, naye akatuita sote. Hakuna uhusiano, akasema, na akasema tena kwa maneno mengine kwa sababu dadangu alimwomba arudie. Kisha akauliza kama tungependa wao ndio wamwambie mvulana. Dadangu akakataa. Akasema yeye ndiye aliyempa matumaini, yeye ndiye atakayeyachukua.

Tulimkuta mvulana kwenye benchi lao, amevaa shati lile lile la siku ya kwanza, vifungo mpaka shingoni. Mlezi mkuu alisimama kando. Mimi nilikaa mwisho wa benchi. Dadangu akamshika mkono, akamwambia bila kuzunguka, "Majibu yamekuja. Wamesema mimi si mama yako."

Mvulana akagusa goti lake. "Lakini niko na alama," akasema.

"Uko nayo. Watoto wengi wako nayo."

Akaichukua albamu mapajani mwa dadangu, akafungua picha ya harusi, akamtazama yule mtoto aliyekunja uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Sasa huyu ako wapi?"

"Hatujui," dadangu akasema. "Bado tunamtafuta."

Akaifunga albamu, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama walivyofundishwa pale kurudisha vitu vya wageni. Nilidhani sasa atalia. Nilijiandaa. Lakini alikaa tu akipapasa ukingo wa benchi, kisha akauliza, na hakuwa anamuuliza yeyote hasa, "Na picha yangu mimi, ya nikiwa mdogo, iko na nani?"

Mlezi mkuu akatazama chini. Mimi nikatazama lango. Tulijua wote kwamba hakuna aliyejua, na kwamba pengine haipo popote.

"Iko na mama yako," dadangu akasema.

"Huwa anaiangalia?"

"Kila siku," akamwambia. "Akiamka, kabla hajaongea na mtu."